Paa Lililolala Lenyewe Saa Tano

Dada yangu alinipigia simu kuniambia kwamba mume wake amerudi. Mume huyo nilikuwa nimemzika kwa mikono yangu, pamoja na ndugu zake, wiki tatu nyuma, pale juu ya Kirolirwe, katika milima ya Masisi. Dada hakulia. Alisema tu: "Mudogo wangu, ile gari iko inafungua paa yenyewe. Kila siku, saa tano. Na unajua saa tano njo saa gani."

Nilijua. Shemeji alikata roho saa tano za mchana.

Mtu asifikiri mimi ni wa kuamini mizimu. Mimi ni makanika huko Karuba, natengeneza pikipiki na mashine za kusaga, na nimewafokea wateja wengi walioniletea pikipiki "iliyorogwa" kumbe buji, ile plagi ya kuwashia, imeungua. "Aka, dada," nikamjibu, "gari halina roho, lina batri." Kisha akaniambia jambo lililonifanya nifunge karakana siku hiyo hiyo. Ndugu za marehemu walikuwa wanasema kwamba mumewe anaamka kila siku ili kumnyooshea yeye kidole. Kwamba yeye ndiye aliyemtilia kitu katika chakula. Siku ya arobaini, siku ya kuondoa kilio, ukoo ungekaa na kuamua: abaki katika nyumba yake na watoto wake wawili, ao arudishwe kwetu mikono mitupu na watoto wabaki kwao.

Gari lenyewe lilikuwa kichekesho cha milima yote ile. Shemeji alilitoa Goma likiwa limekwisha kuzeeka, jeupe, la kufunguka paa. Nani analeta gari la kufunguka paa Masisi, ambako mvua inanyesha hata jua likiwaka? Yeye! Alikuwa mfugaji, mtu wa kofia na fimbo, na alilipenda kuliko fahali wake. Alibeba maharusi bure, ilimradi aruhusiwe kubonyeza kile kibonyezo mbele ya watu. Ukibonyeza, pompi ndogo ya umeme nyuma ya kiti inavuma, inasukuma mafuta ndani ya mikono miwili ya chuma, na mikono hiyo inalinyanyua paa la turubai, inalikunja na kulilaza nyuma. Akina mama walipiga vigelegele. Fundi wake nilikuwa mimi peke yangu, kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kuligusa.

Nilifika asubuhi. Gari lilikuwa uani karibu na zizi, nyuma ya mstari wa mikaratusi. Paa lilikuwa limesimama wima katikati. Halikufika kioo cha mbele, wala halikulala. Dada alinieleza kwamba kila jioni, baridi ikianza kushuka, anabonyeza ili mvua isiingie ndani. Pompi inaguna kama ng'ombe anayeumwa tumbo, paa linapanda mpaka hapo, linagoma. Analifunika na shitingi ya plastiki, asubuhi anaitoa ikauke. Paa linabaki limesimama vile, kama mtu aliyeinua mkono darasani, mpaka saa yake ifike.

Tukatoa viti, tukakaa kulitazama. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni na rozari. Watoto walikuwa wanachambua maharagwe. Upepo haukuwepo, hata jani la mkaratusi halikutikisika. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, nimeushika kwa vidole. Saa tano ilipokaribia nikasikia pumzi. Nimetafuta neno jingine miaka hii yote na sijalipata: ilikuwa pumzi ya mtu mzima anayekaa chini baada ya safari ndefu. Paa lilitetemeka, likaanza kwenda nyuma pole pole, bila mtu, bila pompi kuvuma, likajikunja lenyewe na kulala. Ng'ombe waliacha kucheua. Halafu ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya samli, ile ya zamani, ambayo shemeji alikuwa anajipaka mikononi na usoni kila asubuhi ya baridi tangu alipokuwa mtoto.

Yule mtoto mdogo aliinua kichwa kutoka kwenye maharagwe. Hakuogopa hata kidogo. "Papa amefika," akasema.

Ee Yezu! Mimi mwenye mdomo mkubwa niliinuka na kiti kikaanguka. Mama mkwe hakuniangalia mimi. Alimwangalia dada yangu, kwa muda mrefu, na punje za rozari ziliacha kutembea.

Kesho yake likalala tena saa ile ile. Kesho kutwa pia. Jioni moja, dada alipokwisha kubonyeza, nilichomoa batri nikaiweka chumbani chini ya kitanda nilichokuwa nalalia, na paa likalala vilevile. Nilianza kukwepa kupita nyuma ya lile gari. Naona haya kuandika hivi, lakini nilikuwa nalisalimia asubuhi.

Siku ya nne kulikuwa na ukungu mpaka jioni. Saa tano ikapita, saa sita ikapita, paa limesimama tu. Ndugu mkubwa wa marehemu, aliyekuwa amekuja kushuhudia, akatikisa kichwa: "Leo amenuna. Anajua wageni wako hapa." Akaondoka. Mimi nikabaki nimekaa pale na baridi yangu, na hasira ikaanza kunipanda, na hasira ndiyo dawa yangu ya woga tangu zamani. Mzimu gani huyu anayengoja jua?

Nilitoa kiti cha nyuma. Kwenye pompi kuna kichupa cha plastiki kinachobeba mafuta yake. Nilifungua kifuniko, nikaingiza kidole. Kidole hakikuzama. Kilichokuwa mle ndani kilikuwa kigumu, cha manjano, kimeganda, na harufu ilinipiga usoni. Sikuhitaji kuuliza nani aliweka samli ndani ya pompi. Niliweka mimi.

Mwaka uliotangulia, njia ya Sake ilikuwa imefungwa, hakuna kitu kinachopanda kutoka Goma. Mafuta ya pompi yalikuwa yamevuja yote na kesho yake kulikuwa na harusi. Shemeji alinibembeleza kama mtoto. Nami nikacheka, nikamwambia: gari la mfugaji linywe anachokunywa mfugaji. Nikaomba samli jikoni kwa mama yake bila kusema ni ya nini, nikaipasha moto, nikaimimina. Ikafanya kazi! Tulicheka mpaka tukakaa kwenye majani. Nikamwahidi kwamba njia ikifunguka nitaleta mafuta yenyewe na kusafisha mabomba yote. Njia ikafunguka. Sikuleta. Ningependa kuandika kwamba nilisahau, lakini sikusahau. Niliahirisha, kwa kuwa jua lilikuwa linawaka na paa lilikuwa linacheza.

Samli kwenye jua ni maji. Kwenye baridi ya Masisi ni mshumaa. Jioni pompi ilikuwa inasukuma uji mzito, ikachoka njiani. Usiku uji ukaganda na kulishikilia paa. Na jua lilipovuka mikaratusi na kupiga nyuma ya gari, samli ikayeyuka, uzito wa paa ukairudisha kwenye kichupa, na matone mawili matatu yakavujia kwenye chuma cha moto na kunukia uani. Jua lilikuwa linavuka ile mikaratusi saa tano. Basi. Hakukuwa na kingine.

Ningepaswa kuruka kwa furaha. Badala yake nilikaa kwenye ile nafasi ya kiti, magoti kifuani, nikashindwa kutoka. Maana shemeji alikuwa anarudi nyumbani kutoka Kalembe na paa wazi, katika jua zuri, na mvua ikamkuta njiani. Dada alikuwa amenisimulia kwenye kilio: alibonyeza na kubonyeza, paa likakataa hata kuinuka. Saa tatu nzima kwenye ile mvua ya baridi, njia ya matope, hakuna pa kujificha. Alifika midomo imekuwa ya bluu. Homa ikaingia kwenye mapafu, na siku ya tisa tukamwita padri. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Nguoni mwake nilikuwa mimi.

Nikafanya kama mwoga. Nilimtuma mtu wa pikipiki Goma aniletee mafuta yenyewe. Nilitoa ile samli yote ndani ya bidon, dumu la plastiki, nikaificha nyuma ya zizi chini ya majani, nikasafisha mabomba, nikajaza upya. Nikabonyeza. Paa likainuka bila kuguna, likafika kwenye kioo, likajifunga. Dada aliziba mdomo kwa mikono miwili, akalia kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Ilikuwa nini?"

"Waya," nikasema.

Kesho yake saa tano hakuna kilichotokea, na yule mtoto mdogo alikaa karibu na gurudumu mpaka saa saba akingoja. Nilimwona kutoka dirishani. Sikutoka.

Siku ya arobaini, baada ya misa, ukoo wote ulijaa uani. Ukungu ulikuwa mzito, watu walikuwa wanatokea ndani yake mmoja mmoja. Ndugu mkubwa hakukaa. Alilizunguka gari, akapitisha kiganja juu ya turubai lililokazwa vizuri, akageuka.

"Siku zote hizi iko anafungua. Leo familia inakuja, anafunga. Nani alimufunga?"

Akatupitishia macho mmoja mmoja.

"Mwenye anajua kufunga, njo yeye alikuwa anafungua," akasema, na mkono wake haukunielekea mimi. Ulimwelekea dada yangu.

Mnguno ulipita uani. Mungu wangu, nilikuwa nimetengeneza gari na kumharibia yeye! Dada alinigeukia, kichwa chake kimenyolewa, macho yamevimba. "Waambie, mudogo wangu. Waambie ni waya."

"Ilikuwa waya," nikasema.

"Nionyeshe ile waya," akasema ndugu mkubwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale pale. Mke wa ndugu mkubwa alikuwa amekwisha kumshika yule mtoto mdogo mkono, kwa upole kabisa, kama mtu anayempeleka kunawa, na mtoto alikuwa anaondoka naye huku akimtazama mama yake.

Nikaenda nyuma ya zizi. Nikaleta bidon, nikaikata kwa kisu mbele yao. Nikachota kijiko, nikakiweka juu ya makaa: ikawa maji. Nikamwaga kwenye jiwe, kwenye ule ukungu: ikaganda wakiwa wanatazama. Nikawaeleza pompi, jua, mikaratusi. Na kwa kuwa hawakuelewa ni kwa nini samli iwe ndani ya gari, nikawaeleza hilo pia, na harusi, na kicheko chetu, na njia iliyofunguka. Mama mkwe aliomba kijiko. Alikinusa, akafumba macho.

"Hii ni ya jikoni kwangu."

"Ndiyo, Mama."

"Basi mutoto wangu aliuawa na baridi."

"Ndiyo, Mama. Na ni mimi. Dada yangu hana kosa, hakujua kitu. Ni mimi nilimwambia nitasafisha, sikusafisha."

Nilitegemea fimbo. Ndugu mkubwa alivua kofia, akaivaa tena. Mwishowe mama mkwe alisema, akiwa bado ameshika kile kijiko: "Mwanamke abaki kwake. Mumurudishie mutoto." Mtoto akaachiliwa, akakimbia.

Lilibaki jambo moja tu la siku ile. Kwetu, mjane anatoka katika kilio kwa maziwa: anakamua mwenyewe, anamletea ndugu wa damu yake, naye anayapokea kwa mikono miwili na kuyanywa yote mbele ya watu. Yasiponywewa, kilio hakijaondoka, na neno ukoo uliloamua juu yake siku hiyo halikamiliki. Baba yetu alikwisha kufa. Wa damu yake pale uani nilikuwa mimi peke yangu.

Dada alikuja na chombo cha mti cha maziwa, kimejaa, povu bado liko juu. Watu walimpisha. Nilinyoosha mikono miwili. Alisimama mbele yangu, karibu sana, nikasikia anavyopumua, lakini hakuangalia uso wangu. Aliangalia mikono yangu. Kisha akainama, akaweka maziwa chini, kwenye majani yaliyolowa, karibu na viatu vyangu.

Kwetu maziwa hayawekwi chini mbele ya mtu. Ni mbwa anayewekewa. Nilisikia akina mama wanavuta pumzi.

Nikapiga magoti. Nikayainua, nikayanywa mpaka tone la mwisho, ili dada yangu atoke katika kilio.