Neno Kwenye Bahasha ya Dawa

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima pale Masaki, mwaka sabini na nne, alizoea kufuta ubao kwa kiganja na kujipangusa kwenye sketi, kwa hiyo kila jioni alirudi nyumbani kiuno kimejaa chaki. Alisema kwa sauti ya chini, nasi tuliinama mbele kumsikia. Siku moja aliandika "meza". "Ya kulia chakula," alisema Mzee Jumbe. "Hilo tulilipata kwa Wareno," mwalimu alijibu. "Lakini lipo jingine, letu wenyewe, linaandikwa hivyohivyo. Ukishatafuna tonge, unafanyaje?" Darasa zima likacheka: "Unameza!"

Bi Mwanamvua, ambaye kwa wiki sita hakuwahi kusoma hata neno moja, alifungua pindo la kanga akatoa bahasha ya vidonge vya zahanati. "Meza," alisoma taratibu. "Hii si ya Wareno. Hii ni yetu." Mwalimu alichuchumaa mbele yake, akaweka kidole chini ya neno lililofuata. "Na hili, bibi?" "Vi-wi-li." Bi Mwanamvua akashtuka. "Viwili! Mimi nameza kimoja. Ndiyo maana homa haiishi!"