Vipande Vitano, Sahani Sita

Mimi ni mtu wa kujisifia sokoni, na nalisema hilo mapema ili lisije kunisuta baadaye. Kabla ya korona sikukosa asubuhi kuingia Darajani na kikapu changu, na nikitoka nilitoka na kilichotosha, si pungufu wala si cha kumwaga. Majirani wa kichochoro chetu hapa Mji Mkongwe wakitupa viporo, mimi jikoni kwangu kiporo hukioni. Samaki nilikuwa na kipimo changu: vipande vitano vya nguru, na nyumba inakula inashiba. Tulikuwa watu sita, yaani mama yangu, mume wangu, mimi na wanangu watatu.

Tulikula sinia moja, mkekani. Wali chini, samaki juu yake, kila mtu na upande wake. Kumega samaki ilikuwa kazi ya mama, tangu mimi mtoto. Alimega kwa vidole na kumsukumia kila mtu mbele yake, na hakuna aliyepata kunyoosha mkono upande wa mwenziwe.

Maradhi yalipoingia nikageuka askari. Nikaweka ndoo ya koki mlangoni, na viatu vikabaki nje. Mchele tuliokuwa tukinunua kwa kilo tukaanza kununua kwa gunia. Tangawizi na karafuu zilichemka mpaka mapazia yakanuka chai. Sokoni nikaacha kwenda; muuza samaki wangu nikawa nampigia simu, naye anakuja na Vespa yake, anatundika mfuko kwenye komeo na kuondoka. Yote hayo mama aliyapokea kimya. Neno lilimtoka siku mume wangu, ambaye ana karakana ya useremala Mlandege, aliporudi na sahani sita nilizomwagiza, kila mtu na yake.

"Sahani ya peke yako huandaliwa mgonjwa," mama alisema. "Au mgeni. Mimi humu ndani ni yupi?"

"Wewe ni mama yangu, na nnakuogopea."

Nilimwogopea kweli. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na kila nikisikia msiba mtaani maini yalinikatika. Nikamwambia sinia limekwisha, hakuna mjadala.

Mchana ule nikapakua. Wali ukaenea sahani zote. Nikaja kwenye samaki: moja, mbili, tatu, nne, tano. Sahani ya sita ikabaki na wali mtupu. Nikakoroga mchuzi mpaka chini ya sufuria, hamna kitu.

Hasira zangu hazisubiri kuitwa. Nikampigia muuza samaki pale pale, mwiko ungali mkononi.

"Umeona siji sokoni ndiyo ukaamua kunipunja?"

"Nimekukatia vitano, bibie."

"Na sisi tu watu wangapi?"

"Hilo nitalijuaje mie? Miaka yote hununua vitano. Hujapata kutaka sita."

Nikakata simu, nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Miaka yote vitano, na miaka yote vilitosha. Nikajaribu kukumbuka ni lini nilimwona mama akitia samaki kinywani. Niliukumbuka mkono wake tu, ukimega, ukisukuma kwa watoto, kwa mkwewe, kwangu mimi, kisha ukirudi kwenye wali na mchuzi wake. Katika sinia hakuna anayeona mwenzake amekula nini.

Mama akaingia jikoni kuuliza kwa nini chakula hakiji.

"Mama, wewe samaki huli?"

"Nnakula."

"Lini?"

Akazitazama zile sahani sita zilizopangwa, akajua nimeona.

"Kikibaki," alisema.

"Na huwa kinabaki?"

"Watoto wanakua, mwanangu."

Nililia, na sikuona haja ya kujificha. Nililia kwa aibu. Ule uhodari nilioutamba Darajani, wa kujua kinachotosha nyumbani kwangu, ulikuwa umetokana na samaki asiyefika kinywani mwa mama yangu. Nilikuwa nimemkinga na maradhi ya watu wa nje, na ndani ya nyumba yangu mwenyewe nilikuwa nikimnyima kitoweo.

"Nyamaza," akaniambia. "Wali unapoa."

Kipande changu nikakihamishia kwenye sahani yake. Akakirudisha. Nikakihamisha tena, akaguna, akachukua sahani akaenda nayo mkekani.

Kesho yake nilimpigia muuza samaki nikamwomba radhi, nikamwambia kuanzia leo ni sita. Mpaka hii leo bado naagiza kwa simu, na kila mara hujifanya amesahau: "Vingapi, bibie?" Najua ananichokoza, na ninamwachia.

Maradhi yalipopungua mama alidai sinia lake. "Ziondoe hizo sahani," alisema, "nshachoka kula kama nimefungwa." Sinia likarudi, lakini kwa sharti langu: wali tunakula pamoja, samaki kila mtu na kisahani chake. Jirani mmoja alipotukuta alicheka mpaka akashika ukuta, akasema tumekuwa Wazungu nusu. Acha acheke.

Siku za mwanzo mama alijaribu hila zake. Kidole kinamega, kinateleza kuelekea kwa mjukuu mdogo.

"Mama!"

"Ah! Una macho wewe."

Siku hizi amekubali. Mimi humaliza kula mapema, nikajifanya nasubiri kutoa vyombo. Mama huanza na ngozi, kisha nyama polepole, mfupa anaunyonya pande zote mbili, halafu analamba vidole kimoja kimoja na kufuta mchuzi wa kisahani kwa tonge la mwisho la wali. Nina miaka arobaini na miwili, na nilikuwa sijui kwamba mama yangu anapenda samaki.