Nguzo Ishirini na Sita za Nesi Naomi

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Upimaji alinikabidhi utepe wa kupimia, furushi la vigingi na nyundo, kisha akanitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani, vyeusi, vinang'aa.

"Hivyo ni vya kuolea," alisema. "Hapa tunatembea."

Akaniambia na jambo jingine, ambalo nililishika kwa miaka mingi kuliko ilivyonipasa: "Mpimaji haahidi kitu. Anataja idadi ya nguzo, anaondoka."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika shirika la umeme hapa Arusha. Mtu akiomba umeme, nilitumwa kupima njia kutoka pale laini ilipoishia mpaka mlangoni kwake. Kati ya nguzo na nguzo niliacha hatua kama sitini, nikapigilia kigingi, nikaandika. Nyumba ikiwa mbali mno, umeme hupungua nguvu njiani, balbu ikawaka kama kaa linalozimika. Hapo ilibidi kupeleka laini kubwa na kufunga transfoma ya kuushusha umeme karibu na mteja. Gharama zote zilikuwa za mwombaji, kwa hiyo watu walinikirimu kwanza. Sombetini, wakati nyumba zikiota huko kila wiki, nilinyweshwa soda kabla sijafungua utepe. Upande wa wafugaji nililetewa maziwa mgando kwenye kibuyu. Nilikunywa yote, na sikupunguza nguzo hata moja.

Zahanati ninayotaka kuisimulia ilikuwa magharibi ya Mlima Meru, upande mkavu wenye vumbi. Mkunga wake alikuwa Nesi Naomi, Mwarusha wa kijiji hicho hicho, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi. Alizalisha kwa taa ya chemli, na chanjo za watoto alizihifadhi kwenye friji ya mafuta ya taa, ile yenye utambi chini. Utambi ukizimika bila mtu kujua, chanjo zimeharibika.

Nilipima kutwa nzima. Jioni akanipa kibuyu, akasubiri nimalize kunywa.

"Ni nguzo ngapi, fundi?"

"Ishirini na sita. Na transfoma."

"Basi wataendelea kuzaliwa kwa chemli," alisema, akapokea kibuyu chake.

Kijiji hakikuwa na uwezo huo. Faili likalala kabatini.

Ndipo ikaja biashara huria. Maduka ya mjini yakaanza kuuza paneli za sola, kwanza kwa wenye kambi za watalii. Mimi kila kitu nilikipima kwa nguzo, kwa hiyo nilipouliza bei ya seti ya kutosha zahanati, nikakuta inazidi nguzo hamsini. Tulicheka sana ofisini. Lakini kila nilipopita dukani niliuliza tena, kwa mazoea tu. Nguzo zetu zilikuwa zinapanda bei, paneli zinashuka. Asubuhi moja nikapiga hesabu mara tatu pale pale kaunta: seti nzima, na betri zake na friji yake, haikufika nusu ya nguzo za Nesi Naomi.

Nilikwenda kwa Meneja wa Mkoa, mzee nadhifu aliyependa majibu mafupi. Nikamwomba ruhusa ya kuwaeleza waombaji wa mbali habari za sola.

"Ofisi hii inauza nini?" aliniuliza.

"Umeme, mzee."

"Basi usiwe wakala wa jua."

Miezi hiyo wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa, na mimi nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nikanyamaza. Nilinyamaza mwaka mzima.

Mwaka ulipokwisha nikatumwa tena kule, kuhakiki vipimo vya zamani. Nilimkuta Nesi Naomi nyuma ya zahanati anamwaga chanjo kwenye shimo, chupa moja moja. Utambi ulikuwa umezimika. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi na watoto wao mgongoni, wametembea tangu alfajiri, na yeye ndiye aliyepaswa kuwaambia warudi.

"Nguzo ni zile zile?" aliniuliza bila kugeuka.

Nikamweleza habari za sola, zote, na duka nikamtajia. Wazee wa kanisa la pale kijijini wakauza ndama, na kabla ya mvua za masika paneli zilikuwa juu ya bati.

Miezi minane baadaye friji ikazimika. Meneja alizisikia habari kabla yangu, akacheka mpaka akavua miwani. Nilikwenda Jumamosi, kwa gharama yangu. Betri zile zina maji ndani, nayo hupungua, lazima yaongezwe. Nesi Naomi alikuwa ameyaongeza kwa uangalifu wote: maji ya kisima, aliyoyachemsha na kuyachuja kama anavyowafundisha mama zetu. Lakini maji ya huko ndiyo yale yanayotia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na kuchemsha hakuyaondoi madini. Yalikuwa yameziua betri. Zilihitaji maji ya betri, yale ya chupa yanayouzwa vituo vya mafuta. Sikuwa nimemwambia. Mimi ni mtu wa nguzo, na nguzo haiongezwi maji. Niliona aibu kubwa. Betri mpya nilichangia nusu, na tangu hapo kila safari ya huko nilibeba chupa.

Sasa nimestaafu, naishi Olasiti. Getini nina nguzo ya shirika, juu ya bati nina paneli mbili, na vijana hupita kuniuliza kipi ni bora. Huwaambia wapige hesabu wenyewe, na wakishaipiga wasiifiche.

Juma langu la mwisho kazini, laini ilikuwa imefika kijijini kwa Nesi Naomi, nikatumwa kupima. Zilitakiwa nguzo mbili tu.

"Tuunganishe," alisema. "Umeme ukikatika, friji yangu haitajua." Tukacheka. Kisha akauliza, taratibu kabisa: "Fundi, siku ile uliponiambia habari za sola, ulikuwa umejua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya.

"Mwaka mzima."

Aliigeukia friji.

"Mwaka ule nilimwaga chanjo mara nne," alisema. "Nilikuwa najilaumu mimi na utambi wangu."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akaniwekea mkononi.

"Kunywa, fundi. Leo hakuna nguzo ya kupunguza."

Miaka yote nilikunywa maziwa ya watu bila haya. Yale sikuweza kuyamaliza.