Filimbi Iliyotaka Pumzi Ndogo

Mwanzi ulipasuka mwaka niliowekwa ndani. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa kwenda na kurudi. Msimu wa kulima tulivuka maji hadi Kililana, bara, shambani kwa baba, mimi na binti ami yangu, na huko mlezi wetu, mwanamke aliyenyonyesha nusu ya nyumba yetu, alitufundisha kupuliza filimbi ya mwanzi. Aliukata mwenyewe, akautoboa kwa msumari wa moto. Tulipiga kufukuza ndege kwenye mtama. Kisha tukavunja ungo, mmoja baada ya mwenziwe, na mlango wa nyumba yetu ya mtaa wa Mkomani, mjini Amu, ukafungwa nyuma yetu. Mwanzi ukakaa ukutani, kaskazi ikaukausha, ukafanya ufa.

Majina ya watu hawa ninayo yote, na ya baba zao, na ya babu zao. Sitayaandika. Wengi wametangulia, na maiti hana ulimi wa kujitetea. Na mkono wenyewe umechoka.

Nyumba ya ami ilikuwa ng'ambo ya ndia, kile kichochoro chetu, imeungwa na yetu kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya ndia, kwa hiyo tulionana kila siku bila kukanyaga mchanga. Siku moja akaja kwa wikio hilo akaniambia ameposwa na mtu wa Pate, na harusi ni Rajabu. Hakulia. Alikaa tu akisuka ukili, tena vibaya.

Kilichomtisha hakikuwa bwana. Kilichomtisha ni kile kiti. Bibi arusi wetu hukalishwa mbele ya wanawake wa mji, amefumba macho, hatikisiki, hacheki, tangu alasiri hadi magharibi. Akifumbua jicho, akitoa jino, ni aibu ya mama yake na ya somo wake aliyemfunda, na aibu hiyo mjini haizikwi. Na alfajiri yake angepelekwa Pate.

"Nitayuaje kuwa uko," aliniuliza, "na mato nimefumba?"

"Utanisikia."

"Kwa mwanzi uliopasuka?"

Nikamwambia nitapata filimbi nyingine. Sikujua nitaipata wapi.

Mlezi ndiye aliyeniletea habari kwamba dukani kwa Bohora mmoja, Muhindi wa barabara ya ndani, zimeingia filimbi za madini. Si zile za bati za watoto wa Idi, ambazo mshono wake hukata mdomo na mwezi mmoja wa chumvi huzila. Hizi ni shaba nzito, imepakwa nyeupe. Sisi hatukwenda dukani. Duka ndilo lililokuja kwetu, ndani ya kikapu. Nilimsihi mlezi azijaribu hukohuko kabla ya kuzileta.

"Mimi, na mvi hizi, nipulize filimbi mbele ya Muhindi?" alisema. "Atadhani nimetoroka ngomani."

Akaleta tatu zimefungwa kitambaa. Nami sikuweza kuzijaribu. Baba alikuwa na wageni dakani, kwenye baraza la mlango, na nyuma ya ukuta wetu ni msikiti. Sauti ya mwanamwari haitoki nje, na filimbi ya madini haijui kunong'ona. Basi nikachagua kwa mkono. Nilizipima uzito, nikazichungulia kama bomba, nikapitisha ncha ya kidole kwenye kila tundu. Mbili zilikwaruza. Ya tatu ilikuwa laini kama jino. Nikatoa kofia ya vito, ile ya vitundu vya sindano, niliyokuwa nikiishona tangu Mfungo Mosi, macho yakiniuma, na mlezi akaipeleka dukani kuwa bei yake, pamoja na zile mbili.

Kila siku baada ya adhuhuri nililala chali kwenye mkeka nikapiga bila kupuliza. Vidole tu. Binti ami alilala kando yangu akivitazama, akiimba kwa chini kile vidole vilichokuwa vikisema: ule wimbo wetu wa ndege. Baada ya miezi miwili vidole vilijua kila kitu. Pumzi haikujua lolote, nami sikuliona hilo.

Siku ikafika, siku pekee ambayo sauti za wanawake huruhusiwa kuvuka ukuta. Alikaa kitini amejaa dhahabu na asumini, wanja umekoza, macho yamefumba. Wanawake wa Pate walikaa mbele, upande wa mavyaa yake, mamake bwana. Tari zikapigwa, zikanyamaza, na mlezi akanigusa goti. Nikaivuta pumzi ya shambani, pumzi ya kufukuza ndege, nikaimimina yote.

Filimbi ikapiga yowe. Watu wakaziba masikio.

"Nani amekanyaga paka?" akauliza dada ya mavyaa, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mimi nilikuwa nikimtazama bibi arusi. Pembe ya mdomo wake ilianza kucheza. Nilikijua kitetemo kile. Huko shambani ndivyo alivyoanza kucheka kabla hajajigaragaza chini. Somo akambana bega. Mama yake alinitazama, na mtazamo ule ninao hadi leo.

Mlezi akaniinamia sikioni. "Mwanangu, huo si mwanzi. Upe pumzi ya kupoza uji."

Nikaweka midomo tena, nikapuliza kama ninayepoza kijiko cha mtoto. Sauti ikatoka nyembamba, safi, haina hasira. Vidole vikaenda vyenyewe. Mdomo wa binti ami ukatulia. Kisha chozi moja likapenya kope zilizofumbwa, likashuka na wanja hadi kidevuni, na wanawake wa Pate wakaguna kwa kuridhika: mtoto ana adabu, anaililia nyumba ya mama yake. 

Nilidhani wimbo mmoja utatosha. Lakini kila nilipotua niliona vidole vyake vikikaza kwenye kiti, nikajua anadhani nimeondoka. Nikarudia. Nikarudia hadi magharibi, midomo imekufa ganzi, kifua kitupu, watu wenyewe wameshachoka kusikiliza. Hakufumbua jicho.

Sikumwona tena kwa miaka saba. Alikuja Amu na watoto watatu, mwingine tumboni, miguu imevimba, akapita wikio kama zamani lakini polepole, akishika ukuta. Mimi nami nilikuwa nimezaa wanne na kuzika wawili. Tulikuwa hatujafika umri wa kuchoka, na tulikuwa tumechoka.  Aliuliza tu kama ile filimbi ipo.

Niliitoa kashani. Weupe ulikuwa umeondoka, shaba imepiga weusi, lakini matundu bado laini. Nikamwambia sina pumzi.

"Ile ya uji," akasema.

Akaegemea ukuta, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akafumba macho mwenyewe, hakuna aliyemwamuru.