Kigingi cha Mbele ya Nyumba ya Donatille

Mtaani kwetu hapa Mpanda watu wakianza kumsifu Mama Enoka kwa ule mtaro, mimi naondoka. Si kwamba wanadanganya. Wanasema kweli tupu, na ndiyo inayonichoma.

Jina lake Eufrazia. Kazaliwa upande wa Majimoto, kalima mpunga tangu binti, kafiwa na mume, akaja mjini na wajukuu wanne. Mwaka ule hali ilikuwa ngumu, jamani! Tumbaku ilikosa wanunuzi, mashimo ya dhahabu yalijaa maji, vijana wakarudi mikono mitupu. Zikaletwa kazi za muda: tuchimbe mtaro wa maji ya mvua, kila kaya mtu mmoja kwenye orodha. Ukifutwa, kwako jiko haliwaki.

Mafundi walipigilia vigingi, wakafunga kamba juu yake. Sisi tulipima kwa fimbo kutoka kwenye kamba kwenda chini. Kazi rahisi kabisa.

Jumapili nikamfunga mbuzi wangu kwenye kigingi cha mbele ya nyumba ya Donatille, jirani yetu. Mbuzi akaking'oa. Sasa mimi Malale ni Msukuma, nimekulia kwenye mifugo, kigingi kinacholegea kwangu ni aibu. Nikachonga kingine cha mninga, kinene, nikakigongelea mpaka kikashika. Kilizidi cha kwanza urefu kwa shubiri moja. Nikarudishia kamba juu yake, nikajiona nimefanya la maana! Sikuwaza kwamba kamba ikipanda, mtaro pale utakuwa na kina kifupi.

Jumanne tulipomaliza kipande kile, Mama Enoka alichuchumaa ndani ya mtaro, akaangalia huku na huku.

"Hapa pameinuka," akasema. "Maji yatagoma, yataingia kwa Donatille. Leteni ndoo tumwage muone. Kwenye majaruba ya mpunga ndivyo tunavyofanya."

Nyumba ya Donatille ni ya tofali mbichi. Maji yakiizunguka usiku mmoja tu, ukuta chini.

Ambrosi, msimamizi wetu, akacheka. "Mama, kipimo kimetoka kwa injinia, wewe unaniletea ndoo?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana hapo hapo nilikuwa nimeshaelewa. Nikajiambia, Malale, ukifungua mdomo unafutwa, na mke wangu Happiness na watoto watakula nini?

Jumatano asubuhi tukamkuta Mama Enoka peke yake anakwangua pale kwa jembe. Wingu lilikuwa limefunga upande wa Kakese, jeusi.

"Unaharibu kazi ya umma," Ambrosi akasema. Akatoa orodha na kalamu. "Nimekufuta. Nenda nyumbani."

Mama Enoka hakulia. Alitugeukia. "Na nyie wote mmenyamaza?"

Radi ikapiga. Akalitia jembe begani, akaanza kuondoka, na mimi nikawa nahesabu hatua zake kama mjinga. Alipofika kwenye kona nikashindwa.

"Bosi, kigingi kile si cha injinia! Ni changu. Mbuzi aliking'oa cha kwanza."

Ambrosi akaleta futi, akakipima na vigingi vingine. Shubiri ile ile. Akanitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Halafu akaliandika upya jina la Mama Enoka, akalikata la kwangu.

"Lakini leo unachimba," akasema, "maana mvua haisubiri."

Tukaingia wote. Matone yalianza hatujamaliza. Maji yakaja na taka na chupa za plastiki, yakafika pale, yakapita. Donatille alisimama mlangoni kashika fagio, hakuhitaji hata kulitumia.

Nilikuwa nimelowa chapachapa, sina kazi, lakini moyo umetulia. Nikamsogelea Mama Enoka. Nitasema ukweli: nilitegemea asante.

"Mama," nikamwambia, "nimepoteza nafasi yangu kwa ajili yako."

Akajipangusa tope usoni.

"Yako umeipoteza mwenyewe, Malale. Yangu ulikuwa umeiacha ichukuliwe, umesimama unatazama. Nikushukuru nini?"

Nilitaka kukasirika. Hasira ninazo nyingi, watu wananijua. Siku ile nilizitafuta, sikupata hata moja ya kumpa yule mama.