Kaka Alibana Pumzi

Baba alimfundisha kaka yangu kuzamia kwa kumtumbukiza kichwa kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba. Mkono mmoja ulimshika kisogo, mwingine ulishika fimbo ya mpera. Povu moja likipanda juu ya maji, fimbo moja mgongoni. "Pumzi utaitoa ukishaiona mbingu," alikuwa akimwambia. Mama alipita na ungo wake wa mihogo akijifanya haoni. Mimi nilikaa kizingitini nikimshukuru Mungu kwa kuniumba mwanamke.

Fimbo zile zilizaa matunda, sikatai. Kaka alipofika umri wa kuoa, hakuna mtu kuanzia Ufukoni mpaka mdomo wa Ruvuma aliyeweza kukaa chini ya maji kama yeye. Alizamia makome na majongoo ya bahari, na pumzi aliyoshuka nayo ndiyo aliyopanda nayo. Baba alikufa akijisifu kwa jambo hilo.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Sisi watu wa pwani tukapelekwa bara, upande wa Madimba, kwenye mikorosho na vumbi, na kaka akakabidhiwa jembe. Alilima vibaya mno. Matuta yake yalikwenda upande, na wenzake katika shamba la kijiji walimwita mvuvi wa nchi kavu. Alicheka nao mchana, jioni hakula. Nilimwona akikonda kwa aibu, na aibu haina dawa ya duka.

Siku moja akaja afisa mmoja wa serikali kutoka Dar es Salaam, kijana msafi, kalamu mbili mfukoni. Alitafuta mtu anayeijua miamba ya huku kwetu. Kulikuwa na wageni wanakuja, wataalamu wa kuzamia kwa mitungi ya hewa, na wangelala chomboni muda wote wakizunguka visiwa vya upande wa mpakani. Mzamiaji atakayefanya kazi vizuri, alisema, ataajiriwa kwenye ofisi yao ya Mtwara na kupewa chumba mjini, mtaa wa Rahaleo. Kaka alisimama kabla sentensi haijaisha. Walitaka mpishi pia. Mimi nilikuwa nimeshaachika, nimerudi nyumbani na sufuria zangu, kwa hiyo mama akanituma. "Nenda kantazame kaka'ko," alisema. "Hao watu siwajui."

Chombo kilikuwa cha chuma, kina mashine inayonguruma na nyingine ndogo ya kujazia hewa mitungi. Wageni walikuwa watano, na mkubwa wao alikuwa na ndevu nyekundu. Walizamia asubuhi, wakala, wakazamia tena, wakala, wakalala juu ya sitaha. Walitaka kuona wanyama wakubwa: kasa, papa potwe, na zaidi ya wote nyangumi, ambaye wakati wa kusi hupita pwani yetu na mtoto wake ubavuni. Niliwauliza watampika vipi. Afisa alipowatafsiria walicheka sana, nami nikacheka, kwa sababu sikupata kuona watu wazima wanaosafiri nusu ya dunia kutafuta kitoweo wasichokila. Sukari yao niliikomba bila haya. Kijijini tulikuwa tunaionea msibani tu.

Kaka walimvalisha mtungi mgongoni na viatu vya mpira kama miguu ya bata. Sharti walimpa moja kubwa, na afisa alilitafsiri vizuri, simsingizii. "Usibane pumzi kamwe. Vuta, toa. Ukiibana huku unapanda, hewa ya mtungi itatanuka kifuani ikupasue mapafu." Kaka alilirudia neno kwa neno, na kila aliposhuka alilishika. Jioni ya kwanza alinijia jikoni nywele zikichuruzika.

"Dada, kule chini napumua," aliniambia. "Nimekaa juu ya mwamba napumua kama niko barazani!"

Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu tuhamishwe. Alikuwa ameshakipangia hadi pazia chumba cha Rahaleo.

Nyangumi wageni walimpata karibu na kisiwa kidogo ng'ambo ya Msimbati. Nilikuwa naparua samaki. Walishuka wote, kaka akiwa mbele. Baadaye mmoja wa wageni alieleza kwamba walikaa kati ya mama na mtoto bila kujua, na yule mama akageuka, akapita juu ya kichwa cha kaka akaziba mwanga wote. Wageni waliufumbata mwamba, wakavuta na kutoa kama walivyozoea. Kaka aliogopa, na mwili wake ukafanya ulichofundishwa kwenye pipa. Akafunga mdomo, akabana pumzi, akapanda.

Aliibuka pembeni ya chombo akicheka. "Nimemwona! Ana jicho kama la ntu!" Kisha akakohoa povu jekundu. Tulipomvuta ndani, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshakufa, na mguu ukafuata huku naushika.

"Ndugu afisa, geuza chombo," nikasema.

Akaenda kuongea na wageni. Waliongea Kiingereza muda mrefu, vikombe vya chai mikononi, chai niliyoichemsha mimi. Akarudi akiangalia kalamu zake.

"Wanasema dawa yake ni mashine maalumu, na Mtwara haipo. Hata tukirudi leo haitasaidia. Apumzike. Kesho mchana tutarudi."

"Mtwara kuna daktari. Jua likizama tutakuwa tumefika."

"Dada, hawa wamekuja kwa ajili ya nyangumi, na nyangumi yuko hapa. Ni wageni wa taifa. Nisaidie na mimi."

Nilimwambia alivyo mama yake, maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nikamwaga ndoo ya maji kwenye jiko, nikatangaza kwamba leo hawali. Wakala nyama ya kopo na biskuti, na hakuna aliyelalamika. Hilo liliniuma kuliko tusi. Nikachukua mpini wa kuwashia ile mashine ya hewa, nikautupa baharini, wakose cha kuvuta, warudi. Afisa akapiga kelele kwamba ile ni mali ya umma. Mwenye ndevu nyekundu alikwenda tu kwenye mitungi. Aliigonga kwa vidole, mmoja mmoja. Ilikuwa imeshajazwa.

Asubuhi kaka alikuwa bado anapumua, kwa mikoromo. Alilala karibu na ngazi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kivuli. Wageni wakavaa vitu vyao, wakamruka miguu mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alisema "samahani", neno alilofundishwa na kaka mwenyewe. Wakashuka.

Niliyatazama mapovu yao yakipanda kando ya chombo, mengi, meupe, bila mtu wa kuwachapa. Kaka alikata roho yakiwa bado yanapanda.

Walipoibuka walikuwa wanakumbatiana majini. Nyangumi alikuwa amecheza nao, mama na mtoto. Kisha wakaniona namfunika kaka uso kwa kanga yangu, wakaachiana. Wakapanda ngazi kwa adabu kabisa. Halafu mmoja akaenda kuifuta kamera yake isiharibiwe na chumvi.

Siku ya maziko afisa alifika kijijini kwa gari. Wanaume walipotoka makaburini alisimama uani, akatoa pole za serikali. Akaeleza kwamba wageni hawana kosa, chombo hakina kosa, na mitungi ilikuwa mizima. "Marehemu aliambiwa waziwazi asibane pumzi," alisema, "lakini alibana." Watu wakainamisha vichwa. Mwenyekiti wa kijiji akaitikia kama mtu aliyesikia hesabu imetoka sawa.

Mama alikuwa ndani na wanawake. Akainuka, akaja mpaka mlangoni, jambo ambalo wafiwa wa kwetu hawalifanyi.

"Baba yake alimchapa utoto mzima asilitoe hilo povu," alisema. "Mimi nilipita na ungo wangu nikanyamaza, nikijua kulibana ndiko kutakakomrudisha nyumbani. Nyie mlitaka ajifunze kulitoa kwa wiki moja?"

Afisa aliangalia viatu vyake, vimejaa vumbi letu. Kisha akamuuliza mwenyekiti kama dereva ameshakula, maana wageni walikuwa wanaondoka na ndege ya jioni.