Nilivyopandishwa Cheo Kuwa Zimwi

Nilikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu ya kemia hapa Guangzhou, kijana mmoja wa Kichina anayesomea filamu aliponisimamisha nje ya maktaba. Alikuwa anatengeneza filamu fupi ya kutisha kwa kuiga zile za Kimarekani za miaka ya hamsini: chombo kinaanguka kisiwani kutoka angani, zimwi linatoka, mwanasayansi anaiokoa dunia kwa chupa moja ya dawa.

"Nakuhitaji wewe hasa," alisema.

Hatimaye elimu yangu imeonekana! Nikamuuliza kama nije na koti langu la maabara.

"Hapana, dada. Wewe ni mwenyeji wa kisiwa. Unaliona zimwi, unapiga kelele, unakufa."

Mwanasayansi alikuwa Mzungu mmoja anayefundisha watoto wa chekechea nyimbo za Kiingereza. Mtu mwema sana. Siku ya mazoezi aliniuliza pembeni kama asidi ndiyo ile inayounguza.

Nilipolalamika, kijana alinieleza kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba, kwamba anaheshimu asili ya filamu hizo. Za enzi zile zilikuwa hivyo.

"Na nyinyi Wachina mlikuwa wapi humo?"

Alifikiri kidogo. "Jikoni," alisema. "Au tulikuwa maadui."

"Basi heshimu asili. Kapike."

Siku mbili baadaye alinipigia simu. Aliyepangiwa kuvaa vazi la mpira la zimwi alikuwa amezidiwa na joto akaacha kazi; je, ningekubali? Nilikubali kabla hajamaliza. Mwenyeji anakufa dakika ya pili, zimwi linaishi karibu hadi mwisho, lina pango lake, lina hasira zake, na ndani ya mpira hakuna anayekuuliza rangi. Kwetu wengine hicho ni cheo.

Nafasi ya mwenyeji aliichukua kijana mwenyewe. Nilimuua vizuri.

Kilichonishinda ni kifo changu. Mzungu aliinua chupa, akasahau jina la dawa iliyomo. Akakodoa macho. Tukarudia, akasahau tena. Mara ya tatu nikamnong'oneza kutoka ndani ya kichwa cha mpira, jasho likinitiririka: "Sodiamu haidroksaidi."

"Asante," alininong'oneza, akaniua.

Siku ya maonyesho chuoni nilimwalika mama mmoja wa Kizanzibari mwenye ofisi ya mizigo kule kwenye jengo la biashara la Tianxiu, anayenilea kama mwanawe. Kila nilipotokea alipaza sauti, "Mshike huyo, mwanangu! Usimwachie!" Ukumbi mzima ukageuka. Nilipoyeyuka, alisonya, akamfuata kijana mpaka mlangoni.

"Yule mwenye koti jeupe ana elimu gani?" alimuuliza kwa Kichina chake cha sokoni.

Kijana akaona haya. "Hana, shangazi. Aliyesoma ni yule zimwi."

Mama akanishika mkono.

"Twende tukale," aliniambia. "Umekonda humo ndani ya mpira."